Vijiti Vyangu Mchangani

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Vihingo, nilikanyaga unyayo wa mtu. Ulikuwa wa jangili aliyepita alfajiri na paa begani, nami askari mpya wa wanyamapori nikaupitia juu kwa buti. Ofisa wa wilaya, ambaye sote tulimwita Bwana Nyama, hakunitukana. Alinikalisha juani kando ya alama ile mpaka adhuhuri.

"Huyo ndiye shahidi wetu," alisema. "Ukishamkanyaga, mahakamani utasema nini?"

Tangu hapo nikaijua kazi: ukiona unyayo, unauzungushia vijiti, unachomeka kimoja kirefu ili mkubwa wako auone kwa mbali, ndipo unapuliza filimbi. Nilifanya hivyo Vihingo miaka mingi, na hivyo hivyo Mlandizi nilipohamishiwa kufuatilia viboko wa Ruvu waliokuwa wakivamia mpunga. Wakubwa walibadilika, vijiti havikubadilika. Nilistaafu nikijua kitu kimoja barabara.

Ndipo ikaja barua. Mradi wa kuhifadhi kasa kwenye pwani ya Msumbiji ulitafuta wastaafu wanaojua kusoma nyayo, wakajitolee miezi mitatu.

"Baba Zuhura," mke wangu akauliza, "umestaafu, halafu unakwenda kuajiriwa tena?"

"Siajiriwi. Najitolea."

"Kwa watu usiowajua! Na mihogo yetu je, nani anajitolea kuipalilia?"

Nikafunga begi. Nikaenda hivyo hivyo.

Kule mkubwa wangu alikuwa Mratibu, binti wa umri wa Zuhura wangu, mzaliwa wa kaskazini mwa nchi ile, Kiswahili anakijua. Alinikabidhi kipande cha ufukwe. Kasa jike hupanda usiku kutaga, akaacha mkokoto mpana kutoka majini hadi kwenye kiota alichokifukia.

"Asubuhi hesabu mikokoto, Baba," alisema, "kisha futa yote kwa miguu. Pasibaki kitu."

Nifute? Nilidhani kachanganya. Nikamuuliza tena, akacheka, akarudia vilevile. Sasa nimtii nani, binti huyu au Bwana Nyama, Mungu amrehemu? Siku ya tatu nilikuta mikokoto minne mizuri, na miguu ikanigomea. Nikavizungushia viota vijiti, kila kimoja na kirefu chake. Ofisini nikasema nimemaliza kazi.

Kesho yake mashimo manne yalikuwa wazi, na hapakubaki hata yai moja.

Nikasoma mchanga, maana ndicho ninachojua. Wezi wawili, mmoja peku, mmoja na kandambili. Hawakuhangaika kutafuta. Walitoka kijiti kirefu, wakaenda moja kwa moja hadi kijiti kirefu kingine. Nilikuwa peke yangu, na amri ilikuwa kufuta. Siku ile nikitii tu, kosa langu nalo linafutika na hakuna atakayejua.

Nikazizungushia vijiti nyayo za wezi, nikapuliza filimbi.

Mratibu alikuja mbio. Nikamwonyesha waliposimama na walipochimba kwa mikono.

"Na vijiti hivi vya nani?"

"Vyangu, mama. Nilidhani navilinda viota."

Alichuchumaa kando ya shimo, akajipangusa macho. "Baba, hata wao wanasoma nyayo. Ndiyo maana tunafuta."

Hakunikalisha juani. Afadhali angenikalisha.

Tuliifuata kandambili hadi kijijini, tukamkuta mwenyewe jikoni, mayai yamekwisha kuiva sufuriani. Kwa hiyo alama nilizoziacha ziliangamiza viota, na alama nilizoziacha zikamkamata mwizi. Mpaka leo sijui nilipatia wapi na nilikosea wapi. Miezi iliyobaki nilifuta kila asubuhi, na kila asubuhi nilijiona ninamkanyaga Bwana Nyama usoni.

Sasa niko nyumbani Sofu. Askari vijana wa Vihingo hunijia, "Shikamoo mzee, tufundishe." Nawafundisha vijiti, kisha nawasimulia viota vinne. Wanaondoka wamechanganyikiwa kama mimi, nami siwalaumu.

Mke wangu hufagia uwanja kila asubuhi, akaacha mistari ya ufagio juu ya nyayo za kuku na za wajukuu. Nasimama mlangoni, viatu mkononi, nisijue nimkataze au nichukue ufagio wa pili.