Vihindi vya Darini kwa Bibi

Harufu ya masizi ndiyo iliyonirudisha kimawazo Sindeni, kijijini kwa Bibi. Wiki iliyopita niliwaambia watoto ninaowafundisha tuisheni hapa Chanika kwamba kila mmoja aje na hindi moja kutoka kwao, kwa ajili ya somo la mageuko ya viumbe. Mmoja akaleta hindi la mbegu lililokolea moshi, maganda yake meusi yakinata vidoleni. Nikalinusa, nikashindwa kuanza somo. Nawaambia ninyi, maana wao sijawaambia.

Nilikuwa darasa la sita, nikiishi na Bibi, mama yake baba. Juu ya mafiga yake kulikuwa na dari la fito, na hapo ndipo mbegu ilipokaa, ikipigwa na moshi wa kuni ili wadudu wasiiguse. Kila mavuno Bibi aliichagua mwenyewe. Alichukua mahindi makubwa meupe, halafu, na hili liliniudhi sana, akachanganya na vihindi vifupi, punje nyingine nyekundu, nyingine za zambarau, zimejipanga ovyo. Aliviita vya mama yake. Mimi nilikuwa mtoto wa kuchana ukurasa mzima wa daftari kwa sababu ya herufi moja iliyopinda. Vihindi vile niliviona kama kazi iliyokosewa.

Mwaka huo kaka yangu Shabani, aliyekuwa kidato cha nne, aliacha nyumbani daftari lake la baiolojia. Nililisoma peke yangu, neno kwa neno, kwa kamusi isiyo na jalada. Nikajua kwamba jeni hunakiliwa kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, na kwamba mara nyingine katika kunakili hutokea kosa, kosa hilo likarithiwa. Nikajua kwamba mazingira huchuja: wanaofaa huzaa, wasiofaa hupotea. Nikajiona msomi. Kufaa wapi, na kwa mwaka gani, sikujiuliza.

Bibi akaenda msibani Makuyuni, siku tatu. Nikafungua shule uani. Wanafunzi wangu walikuwa Mwajuma na Idi, watoto wa jirani. Nikateremsha mbegu yote, nikaitandaza kwenye jamvi.

"Haya ni makosa ya kunakili," nikawaambia, nikiinua kihindi chenye punje nyekundu. "Mazingira yatayaondoa."

"Mazingira yako wapi, Mwalimu?" Idi akauliza.

Nikatazama huku na huku, nikawaonyesha kuku wa Bibi.

Tukavipukuchua vihindi vyote, tukawamwagia. Mwajuma alikuwa akipiga makofi: "Mazingira yameshiba, Mwalimu! Sasa yanataka maji!" Tulicheka mpaka tukakaa chini. Yale makubwa meupe nikayarudisha darini, nikayapanga kwa urefu, na siku aliyorudi Bibi nilikuwa mlangoni nikisubiri kusifiwa.

Nikamwamkia, nikapokea kapu lake. Aliinua macho darini kabla hata ya kuvua mtandio.

"Vya mama viko wapi?"

Hakuwa amekasirika. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepapasa pindo la khanga akakuta fundo limefunguka.

"Panya, Bibi," nikasema. "Panya wamevila."

Akanitazama. Akayatazama mahindi. "Haya," akasema, akainama kuwasha moto.

Masika ile mvua ilianza vizuri, kisha ikakatika. Mahindi yetu yalikuwa marefu, ya kupendeza, na yalikauka ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Hapo ndipo nilipomsikia Bibi akimweleza mama yake Idi kwamba vile vidogo vilikomaa haraka, na kila mwaka wa jua ndivyo vilivyowalisha tangu yeye akiwa mtoto. Alizunguka kwa ndugu zake wote, mpaka Makuyuni, akiulizia angalau kimoja. Wote walikuwa wameacha kuvipanda siku nyingi. Tukala bada, ugali wa muhogo, asubuhi na jioni, na uongo wangu wa panya nikauacha vile vile.

Shule yangu iliishia kidato cha nne. Mengine nimejifundisha kwa vitabu vya kuazima. Katika kimoja nikasoma kwamba mchujo huacha alama: watazame waliobaki, utajua ni nini kilichowachuja. Nikakifunga kile kitabu. Panya angekula lililo karibu, kubwa kwa dogo, akaacha magunzi na kinyesi. Mimi nilikuwa nimeacha meupe tu, yamepangwa kwa urefu.

Kesho yake nilikuwa Sindeni. Bibi alikuwa akipepeta. Nikamweleza yote huku nikilia.

"Panya anayepanga mahindi kwa urefu," akasema bila kusimamisha ungo, "nilikuwa naye mmoja tu, mjukuu wangu. Alikuwa darasa la sita."

"Mbona hukunipiga, Bibi?"

"Ningekupiga, vingerudi?"

Akacheka, na mimi nikajaribu kucheka. Najua amenisamehe. Lakini lile kosa la kunakili, lililotokea zamani katika shamba la nani sijui, likaponea jua la miaka na miaka, likatunzwa juu ya moto na wanawake wawili, mimi nililimaliza kwa asubuhi moja kwa sababu halikuwa nadhifu.

Siku ile hapa Chanika, nikiwa bado nimelishika hindi la masizi, mtoto aliyelileta aliona punje tatu nyekundu katikati ya nyeupe. "Mwalimu," akaniuliza, "nizitoe hizi mbaya?"

Nikamfungia hindi lake kwenye gazeti, nikamwambia alirudishe kwao kama lilivyo, ampe mama yake mkononi.