Pini Mbili za Severina

Shangazi yangu Severina Kalinga hakutoka nyumbani bila pini mbili za kushonea kwenye ukosi wa blauzi. Kanisani, msibani, studioni kwake Mwanjelwa, Mbeya, zilikuwa pale. Wageni walimdhania fundi cherehani.

Zilikuwa za kulinganisha negativu. Filamu za rangi zilikuwa zimeadimika, naye hakukubali kwamba ndiyo basi. Alimpiga mtu picha mara mbili, kupitia kioo chekundu na kupitia cha kijani. Negativu ya kwanza aliichapa juani kwa dawa ya bluu ya wachora ramani, akaosha karatasi, akaikausha. Juu yake akachapa ya pili kwa gundi ya mgunga iliyochanganywa na udongo mwekundu. Pini zilipita katika matundu yaleyale ya karatasi na ya negativu zote mbili, ili jicho likae juu ya jicho na rangi mbili zitoe picha moja.

Mwaka 1976 alikuja kwangu Iringa, nilikokuwa nikifundisha, na picha ya maonyesho ya mkoa. Ilikuwa ya Mbuke, binti wa Kisukuma wa Usangu, aliyepigwa picha siku ya harusi, akafa kabla ya mwaka kwisha. Mama yake, Ng'washi, ndiye aliyeleta gundi. Shangazi alimwahidi: utamwona na shanga zake.

Marcelino, katibu wa maonyesho, aliitazama akacheka.

"Mama, huyu ana macho manne! Leta nyeusi na nyeupe kama wenzako."

"Shanga zake hazikuwa nyeusi na nyeupe."

"Nani atajua?"

"Mama yake."

"Basi una mpaka kesho kutwa. La sivyo, ukuta nampa mwingine."

Kosa alilijua. Karatasi hulowekwa na kukaushwa kwanza, isinyae ikiwa bado tupu. Lakini kwa ukungu wa Mbeya hukauka siku mbili, na basi lilikuwa linaondoka. Aliruka hatua hiyo. Bluu ilipooshwa, karatasi ikasinyaa, matundu yakahama.

Alikuwa amekuja na negativu na dawa zake, na karatasi moja tu iliyobaki. Niliona aibu kwa niaba yake, nikamshauri amsikilize Marcelino.

"Wewe nawe! Chemsha maji."

Tuliloweka asubuhi. Upepo wa Iringa ulikausha kabla ya saa sita. Bluu ikachapwa siku hiyo, nyekundu kesho yake. Pini zilizama bila kusukumwa.

Marcelino aliinama karibu. "Nyekundu imetoka kidogo hapa begani."

"Nimeiona. Unene wa uzi. Itundike."

Akaitundika. Ng'washi alipofika alisimama mbali, kisha akasogea, akahesabu mistari ya shanga kwa kidole bila kugusa. "Hii nyekundu nilimfunga mimi," alisema, akaketi sakafuni chini ya picha. Hakuna aliyethubutu kumwinua.

Nilimwona shangazi mara ya mwisho hospitalini Mbeya. Alikuwa amevalishwa gauni la wodini. Mkono wake ulipapasa shingoni, ukakosa.

"Mwambie nesi anirudishie pini zangu," alisema. "Sijamaliza."