Manowari ya Fundi Cherehani

Mteja akiuliza bei kabla ya kusalimia, hajui anachotaka. Akisalimia, akazunguka dukani, akashika kitu kisha akakirudisha kama hakimhusu, huyo ni mnunuzi na lazima nijipange. Fundi cherehani hakuwa wa kundi lolote kati ya hayo. Aliingia na tepu ya kupimia ikining'inia shingoni, akaiona kadi ya michoro, ile ya kuipa kompyuta nguvu ya kuonyesha picha, imelala juu ya kaunta, akasema kwa sauti ya mtu aliyempata mwanawe aliyepotea:

“Ndiyo hiyo hasa! Nimeitafuta mji mzima.”

Mtu akishasema hivyo, mazungumzo ya bei yamekwisha. Mimi nauza kompyuta zilizotumika. Nilianza na meza moja kando ya barabara, chaja na nyaya zimesukana kama nywele za mtoto aliyekataa kuchanwa, na sikufika kwenye duka lenye mlango kwa kuwahurumia watu wanaoonyesha njaa yao. Nikamtajia bei. 

“Bosi, punguza kidogo. Mimi fundi tu.”

“Hata mimi fundi. Wa bei.”

“Basi nikushonee.”

“Unishonee nini? Suruali ninayo.”

Akanitazama kiunoni bila haya yoyote. Jicho la fundi halina adabu. “Unayo, kaka,” akasema, “lakini inalia.”

Nikacheka, na kicheko kilinigharimu, maana mtu aliyecheka hawezi kurudi kununa. Kulikuwa na jambo lililokuwa linanisumbua: mifuko ya kubebea laptop. Ile niliyokuwa nikinunua kwa jumla ilikuwa inafumuka zipu kabla mteja hajavuka barabara, na anayerudishiwa lawama ni mimi. Tukaelewana. Yeye angenishonea mifuko ya kitambaa kizito, sponji ndani, zipu isiyogoma. Mimi ningempa kadi. Lakini simwachii mtu mali kabla sijaona mlango wake, kwa hiyo nikaibeba kadi mwenyewe hadi kwake.

Chumba cha mbele kilikuwa cha kazi: cherehani mbili, pasi, sanamu ya dirishani iliyovaa koti lenye mkono mmoja, na mkewe fundi akitoboa matundu ya vifungo bila kuangalia vidole. Nyuma ya pazia kulikuwa na kompyuta, na ndani ya kompyuta kulikuwa na manowari. Si picha tu. Ukiizungusha unaona mizinga, ngazi, maboya yaliyofungwa kwenye kuta, na juu yake uwanja mrefu wa kurushia ndege.

“Umewahi kupanda meli?” nikamuuliza.

“Kivuko.”

“Ikawaje?”

“Nilitapika.”

“Ndiyo maana tunamwita Nahodha,” akasema mkewe kutoka upande wa pili wa pazia. “Karibu, shemeji. Umemletea makasia?”

Hapo ndipo nilipoelewa kadi yangu ilikuwa inakwenda wapi. Kuna mchezo wa vita vya baharini, wa manowari za zamani, na wachezaji wake hawaridhiki na meli walizopewa. Wanajitengenezea zao, na ndege za kukaa juu yake, kisha wanagawiana bure mtandaoni. Wapo wanaokusanya zile zilizo bora na kuzifunga furushi moja ambalo kila mchezaji hulishusha kwenye kompyuta yake. Mkuu wao, anayeitwa Kamanda, yuko nchi nyingine, na hana mzaha: meli yenye kasoro anaitupa nje bila kupepesa. Nahodha alitaka kitu kimoja tu maishani kwa wakati ule, manowari yake iingie kwenye furushi la Kamanda.

Nikauliza analipwa nini. Akasema hakuna malipo. Nikamwonea huruma kidogo, kama unavyomwonea mtu anayelisha paka wa jirani.

Ila kazi yake niliiheshimu, maana kazi nzuri naijua hata nisipojua matumizi yake. Ndege ukishaichonga kwenye kompyuta inakuwa nyeupe tupu. Ili uipake rangi unaipasua kwenye mishono, unailaza bapa kama kitambaa mezani, unachora kila kitu juu ya vile vipande, kisha kompyuta inaivika ndege nguo yake. Wengi huko mtandaoni hulilia hapo hapo. Mistari haikutani, rangi inajikunja. Yeye aliipasua ndege kama anavyopasua koti: mgongo, kifua, mikono, kola. Mshono wake huuoni, na si kwamba haupo, ameuficha chini ya kwapa.

Mkewe alingoja nimalize kushangaa. “Shemeji, nikwambie mbele yake ili asije akasema sikusema. Tumepokea sare za kwaya. Kwaya nzima. Hiyo meli yake ama ing'oe nanga kabla ya sare kuchukuliwa, ama hiyo kompyuta iuzwe. Utainunua?”

“Nitainunua,” nikasema. Sikuona sababu ya kuficha. Ilikuwa mashine nzuri, tena sasa ingekuwa na kadi yangu ndani.

Nahodha hakubisha. Alisema tu, “Itang'oa nanga.”

Mifuko ilianza kuja, na nikiri ilikuwa mifuko kweli kweli. Mteja aliivuta zipu, akaivuta tena, akasahau kuomba punguzo la laptop. Kisha ikaanza kuchelewa. Na si ya kwangu peke yake. Mwalimu wa kwaya, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha mtaa, alikwenda kukagua sare akakuta zimetundikwa zote, hakuna hata moja yenye mikono.

“Fundi, hii ni kwaya au ni timu ya mpira wa kikapu?”

Na wiki hiyo hiyo ambayo sare zilikuwa zinasubiriwa, jibu la Kamanda kuhusu meli aliyotumiwa likaja. Meli safi. Ndege hazifai. Namba zilizoandikwa ubavu wa kushoto zinasomeka kinyume, kama maandishi kwenye kioo. Zirekebishwe zote kabla furushi halijafungwa mwisho wa wiki, la sivyo abaki nje.

Lile lilikuwa kosa ambalo fundi cherehani pekee angeweza kulifanya. Fundi hakati mkono wa kushoto na wa kulia mbalimbali. Anakata mmoja, anageuza kigezo, anapata wa pili, kitambaa kinabaki. Nahodha alikata ubavu mmoja wa ndege akaugeuza. Kwenye shati haina madhara, nani anaandika namba kwenye kwapa? Kwenye ndege ya kivita kila namba iligeuka pamoja na kitambaa. Sasa kila ndege ilitaka kukatiwa ubavu wake wa kushoto upya, na uwanja wa meli ulikuwa umejaa ndege.

Mkewe akanipigia simu. “Njoo na toroli, shemeji.”

Nilipofika nyaya zilikuwa zimeshachomolewa na kuviringishwa vizuri. Nahodha alikuwa kwenye cherehani akishona kola, macho ukutani. Alikuwa ameiweka kola juu chini, na hakuwa ameona.

“Shemeji,” nikamwambia mkewe kwa upole wa kibiashara, “taja bei yako.”

“Sina bei. Unadhani nataka kumkomoa? Nataka anikalie hapa. Mashine ikiwa pale nyuma, mguu wake uko kwenye kanyagio na roho yake iko baharini. Nimeolewa na nusu mtu.”

“Na ikiondoka?”

Akamtazama mumewe, akaitazama kola. 

Mimi si mtu wa machozi. Nilipiga hesabu yangu nikiwa nimesimama. Mashine ile ningeiuza mara moja tu. Mifuko nilikuwa nauza kila siku ya Mungu. Na mtu uliyembebea kitu chake mbele ya macho yake, mfuko atakaokushonea baada ya hapo utakuwa kama ule wa jumla, au mbaya zaidi. Ningepata kompyuta nipoteze zipu.

“Mashine nainyanyua,” nikasema. “Lakini siinunui. Inakaa dukani kwangu, kwenye kaunta ya dirishani. Nahodha haigusi mpaka amalize sare. Kila sare itakayotundikwa ikiwa na mikono yote miwili, anakuja kwangu kurekebisha ndege moja. Sare moja, ndege moja.”

“Na vifungo,” akasema mkewe haraka. Nikajua nimempata, maana anayeongeza masharti ameshakubali.

“Vifungo ni kazi yako, shemeji.”

“Basi na mapindo.”

“Na mapindo.”

Nahodha alikuwa ameshaigeuza kola.

Siku zile zilikuwa mchezo wenyewe. Mkewe anakagua sare, anavuta mkono wa kushoto, anavuta wa kulia, anageuza pindo, ndipo anasema, “Nenda.” Nahodha anakuja mbio, chaki kwenye vidole, anakaa dirishani kwangu, anaipasua ndege, anachora, anaivisha, anarudi. Watu wakaanza kusimama. Kwanza kufuata kivuli, kisha kuuliza, kisha kutoa ushauri, maana hakuna mtu asiyejua kurekebisha ndege ya mwenzake. Aliyesimama sana alinunua angalau chaja.

Nahodha hakupenda. Nyuma ya pazia alikuwa peke yake na bahari yake. Hapa kila mtu alipumulia begani mwake. Lakini hakulalamika, alikuwa anakimbizana na Kamanda.

Wanakwaya nao waliposikia kwamba sare zao zinanunua ndege, wakaja kuangalia. Mmoja, mnene mwenye sauti nyembamba, akaitazama ndege iliyokamilika kwa muda mrefu.

“Fundi. Hiyo namba mbona naifahamu?”

Nahodha akainamia kibodi.

“Fundi, hicho si kiuno changu?”

Kilikuwa kiuno chake. Namba zote zilikuwa viuno vyao. Alipolazimika kuziandika upya, pande zote mbili, alitumia zilizokuwa kichwani, na kichwa cha fundi kimejaa viuno vya watu. Nilidhani patachimbika. Badala yake wakaanza kuulizana nani ni ndege gani, na mwalimu wa kwaya akataka kujua kwa nini yake haikuwekwa mstari wa mbele.

Sare zikaisha. Mwalimu akazichukua zote, mikono imekamilika, na furushi la Kamanda lilikuwa linafungwa siku hiyo jioni. Ikabaki ndege moja haijarekebishwa.

Nahodha akamtazama mkewe, aliyekuwa amekuja dukani kuhakikisha.

“Sare zimeisha,” akasema mkewe. “Makubaliano ni makubaliano. Sare moja, ndege moja.”

Alikuwa sahihi, na mimi ndiye niliyeyatunga. Ukivunja makubaliano yako mwenyewe mbele ya wateja, kesho watakurudishia laptop waliyoinunua mwaka jana. Nikajitazama kiunoni.

“Kuna suruali inalia,” nikasema.

Mkewe akacheka mpaka akashika kaunta. Nahodha hakungoja tepu. Alinishonea suruali mchana ule ule, mkewe akavuta mguu wa kushoto, akavuta wa kulia, akageuza pindo, akasema, “Nenda.”

Kamanda aliipokea. Manowari iko kwenye furushi, na chini yake pameandikwa Nahodha, jina alilopewa kwa dhihaka. Hakulipwa kitu, kama alivyosema tangu mwanzo. Nyuma ya pazia sasa pana meza ya kukatia, na bahari yake iko dirishani kwangu mbele ya macho ya watu, saa ambazo mkewe anamruhusu. Ile faragha ndiyo aliyoipoteza, na naona anaikumbuka. Mkewe amepata mume mzima kwa sehemu kubwa ya siku. Mimi sikupata ile mashine, na nimepoteza nusu ya kaunta. Nina mifuko isiyogoma na suruali isiyolia.

Na nina ndege. Ndiyo nzito kuliko zote, ya kubeba mabomu, na wachezaji wa nchi nisizozijua huanza kuitungua hiyo, maana kwa upana wake haikosekani. Namba yangu iko pande zote mbili na inasomeka vizuri. Nimemwomba Nahodha aipunguze kidogo. Amesema bei ni maelewano, lakini kiuno ni kiuno.