Mwekee Tabasamu

Mtaani kwetu Kinoo, ukishajulikana kuwa unachora na una kompyuta, basi wewe ndiwe wa vijitabu vya mazishi, vile vyenye picha ya marehemu, wasifu wake na ratiba ya ibada. Nilisomea uchoraji miaka mitatu nikiwa na ndoto moja: kutengeneza vitabu vya watoto vyenye watu ninaowaona kila siku, na sura zao hizi hizi. Kitabu cha watoto ninacho kimoja, na hakijakamilika. Vya mazishi nimeacha kuhesabu. Mama yangu huwaambia watu kanisani, "Binti yangu ni wa sanaa," na kabla hajaketi mtu ashamletea picha ya babake, nimtoe chupa mkononi, nimvalishe tai.

Mwaka jana akafariki shosho, bibi mzee aliyekuwa akiuza nduma za kuchemsha kando ya barabara. Huyu nilimjua. Nilipokuwa shule ya msingi, mama akichelewa kazini nilimsubiri kwenye benchi la shosho huyo, na siku moja nikamchora nyuma ya daftari la hesabu. Aliitazama picha, akavuta mdomo upande mmoja kama alivyokuwa akifanya kila alipoombwa kupunguza bei.

"Huyu mrembo ni nani?" akaniuliza. "Nichore vile niko."

Nikafuta, nikarudia. Nikafuta tena mpaka karatasi ikatoboka. Watu wakiniuliza nani alinivuta kwenye sanaa, hutarajia nimtaje mchoraji wa ng'ambo. Nikiwaambia ni mama wa nduma wanacheka, wakidhani nafanya mzaha.

Watoto wake wawili waliniita nyumbani kwao Jumapili baada ya kanisa. Kifungua mimba, mwanamume anayefanya kazi ofisini mjini, alinikabidhi picha pekee iliyokuwepo. Ilikuzwa kutoka kwa kitambulisho, na shosho alikuwa amekunja uso kana kwamba anataka kumchapa mpiga picha.

"Hakupenda kupigwa picha," dadake akasema kwa sauti ya chini.

"Sasa wewe mwekee tabasamu," kaka akaniambia.

"Tabasamu gani?"

"La kawaida tu. Kwa kompyuta. Si ndiyo mnafanyanga?"

Nilimweleza kwamba nikifanya hivyo atakuwa mtu mwingine, na kwamba naweza kumchora kwa sababu namkumbuka vizuri. Alishusha pumzi. "Chora basi. Lakini acheke."

Nilichora siku mbili. Niliuchora ule mdomo uliovutwa upande, leso iliyofungwa mpaka juu ya nyusi, na vidole vyenye weusi wa maganda ya nduma. Sijawahi kuchora vizuri kuliko hapo, na nasema hivyo bila haya. Nikaupiga mchoro picha, nikamtumia kaka kwa simu.

Majibu yakaanza kuingia moja moja. Kazi safi, lakini anaonekana ana hasira. Punguza makunyanzi kidogo. Hiyo leso itoe, kuna wageni wanakuja kutoka ofisi. Anaeza shika Biblia?

Matatu ya kwanza niliyajibu kwa adabu. La nne nikaandika, "Alikuwa hivyo." Akajibu, "Sawa, msanii. Tutajipanga."

Nilikuja kujua amejipanga vipi Jumatano, mwenye duka la kuchapisha kule River Road aliponipigia akitaka maandishi ya wasifu yaliyokuwa bado kwangu. Nilienda mwenyewe. Kwenye kompyuta yake, katikati ya kadi za harusi na kalenda za makanisa, nikamwona shosho akinitazama kwa meno meupe pee, yote thelathini na mawili.

"Hayo meno umetoa wapi?" nikauliza.

"Mtandaoni. Zimeshika poa, ama?"

"Shosho hakuwa na meno ya mbele."

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa. "Siz, mwenyewe amekubali."

Nikampigia kaka papo hapo. Nikamwambia, "Kaka, mama yenu hakuwa na meno ya mbele." Akasema, "Kwani watu watakuja kuhesabu meno?" Akakata simu. Nilikaa kwenye stuli ya yule mwenye duka nikishindwa hata kukasirika vizuri.

Siku ya mazishi vijitabu viligawanywa. Akina mama waliokuwa wakiuza pamoja naye walikuwa wameketi mstari wa tatu. Mmoja akafungua, akafunga, akatazama jalada tena.

"Huyu ni nani?" akauliza kwa sauti. "Kwani tumekuja kuzika nani?"

Wenzake wakamnyamazisha. Mwingine alijifunika uso kwa kijitabu, mabega yakitikisika, nami sikujua kama analia au anacheka. Nilitaka kusimama niseme si mimi. Ndipo nikageuza ukurasa wa mwisho. Chini ya shukrani za familia palichapishwa kwa herufi nzito, "Kimetengenezwa na," kisha jina langu, majina yote matatu. Kaka alidhani ananifurahisha. Tangu hapo watu wawili wamekuja kuniomba tabasamu kama lile.

Wiki moja baadaye yule binti wa shosho alikuja kwetu, akauliza kama ule mchoro bado upo. Nikautoa. Aliutazama kwa muda mrefu akiwa amesimama pale barazani, akagusa mdomo kwa ncha ya kidole.

"Unaweza kumwekea hereni?" akauliza.

"Alikuwa ametoboa masikio?"

Akafikiri. "Hapana."

"Sasa?"

"Sasa wacha. Huyu ndiye mama."

Nilimuuliza kwa nini hakuyasema hayo mbele ya kakake, nikiwa nimekaa palepale.

"Wewe humjui kaka," akasema. Akaukunja mchoro ndani ya gazeti, akapanda bodaboda, akaenda zake akiwa ameukumbatia kifuani.