Ndimu ya Hamira

Ndimu zilipoadimika huku ziwani, nilipata wazo ambalo hadi leo sina hakika kama lilikuwa la akili. Mama mkwe alikuwa anashuka kutoka Litembo, kule milimani, kuja kutusalimia. Tangu niolewe hajawahi kula samaki wangu. Kila akija ni maharage, eti samaki ananuka ziwa. Nilitaka ale mbasa wangu, samaki wa ziwa letu, hata mara moja tu. Bila kitu kikali cha kuua harufu, nisingethubutu kumtengea.

Kwenye semina ya kina mama, mtaalamu mmoja alitueleza kwamba kuna hamira zinazofugwa maabara, zinalishwa sukari tu, nazo zinatoa asidi ileile ya ndimu. Nikaona jibu limepatikana. Nimtendee haki: alisema pia kwamba hamira ya maandazi si hiyo, kwamba yenyewe hutanguliza pombe, na ukali wa maana huja baadaye, tena kwa msaada wa vijidudu vingine. Hapo nadhani nilikuwa natazama kitenge cha aliyekaa mbele yangu.

Nikakoroga maji ya uvuguvugu, sukari na hamira kwenye ndoo, nikafunika kwa kitambaa. Povu likapanda, likatulia. Baada ya wiki nikaonja: kali kweli, lakini ukali wenye uchangamfu. Mume wangu naye akaonja, akasema bado hajaelewa, aongezewe.

Mama akafika. Baada ya shikamoo na maji ya kunawa, nikamtengea mbasa wa kuchoma na bakuli la maji yangu ya hamira. Akaliinamia, akanusa. Huyu mama aliapa kanisani kuacha pombe. Nikashindwa kunyamaza.

"Samahani, mama. Hiyo si ndimu. Ni sukari na hamira. Huenda ina... kapombe kidogo."

"Mwanangu, nimepika pombe wewe hujazaliwa. Unadhani pua yangu imeenda likizo?" Akachovya kipande cha samaki. "Niliapa kutokunywa. Habari za kuchovya sikuulizwa."

"Lakini mama..."

"Kula na wewe, acha kunihesabia matonge."

Akachovya mpaka ikabaki miiba. "Bado ananuka ziwa," akasema, akisukuma sahani kwangu. "Lete mwingine."

Kwa haki, siwezi kuandika kwamba mkwe wangu sasa anapenda samaki. Yule wa pili alimmega ubavu mmoja tu. Bakuli ndilo lililorudi jikoni kavu.