Kijiko cha Kwanza ni cha Aliyeileta

Ulikuwa mwaka wa unga wa njano. Watu wa kwetu Mariakani wakiukumbuka mwaka ule hawataji tarehe, wanataja ugali. Ulikuwa na rangi kama umepakwa bizari, unanuka gunia, na ukipoa unakuwa mgumu hata paka anauzunguka tu na kwenda zake. Mvua ilikataa, mahindi yetu yakakauka yakiwa kimo cha goti, na unga ule wa msaada tukaupangia foleni kwa chifu. Nilikuwa na miaka minane.

Sikuwa nimeufikiria mwaka huo siku nyingi. Umerudi Alhamisi iliyopita, kwa harufu. Tulikuwa Suwaidi, Riyadh, nyumbani kwa madam, gari limepakiwa mpaka juu, safari ya kuja Jeddah kwa mama yake. Mimi ndiye ninayemlea mtoto wao wa mwisho, Sami, wa miaka miwili, mwenye sauti ya mtu anayenadi samaki. Madam akanitia mkononi chupa ndogo na kijiko.

"Yalla, Mwanasiti, mpe viwili. Alale mpaka Jeddah."

Nikafungua kifuniko. Ikanijia sukari iliyopikwa, na chini ya sukari, uchungu umejificha. Nikasimama pale mlangoni, miguu iko Riyadh, pua iko Mariakani.

Sasa naandika nikiwa Nuzha, Jeddah, na sauti imenikauka kabisa kwa kuimba. Nilimjibu nini madam, nitawaambia. Kwanza niwaambie juu ya nyanya yangu, maana jibu lenyewe ni lake.

Nyanya, mama yake mama, aliweka hospitali yake chini ya kitanda, ndani ya sanduku la bati. Mlikuwa na mafuta ya mbarika, chumvi ya haluli, mwarobaini uliokaushwa, na mvuje uliofungwa kitambaa mara tatu na bado ukanuka nyumba nzima. Kila ugonjwa ulikuwa na adhabu yake. Ukikohoa, unapakwa. Ukiumwa tumbo, unaharishwa. Ukiwa huna lolote ila umenyamaza sana, unaharishwa vilevile, kwa tahadhari.

Lakini alikuwa na sheria moja. Kijiko cha kwanza alikinywa yeye. Si kuonja kwa ncha ya ulimi. Kijiko kizima, sisi tukiangalia koo lake likipanda na kushuka. Tulikuwa wajukuu sita, na mmoja akiumwa tumbo, nyanya naye amekunywa haluli. Siku hizo ukibisha mlango wa choo unasikia sauti yake kutoka ndani: "Subiri! Nami nimeinywa!" Sisi tulidhani anaipenda.

Sasa mwaka ule mdogo wangu Juma alikuwa na miezi saba, na kazi yake ilikuwa kulia. Alianza alfajiri, tumbo gumu kama ngoma. Nyanya alimkanda kwa mafuta ya mbarika, akampa maji ya bizari nyembamba, Juma akanyamaza kidogo, akaanza tena. Mama alikuwa akitoka foleni ya unga anakwenda maji, akitoka maji anakwenda kuni. Mimi niliachiwa Juma. Nilimbeba ubavuni mpaka nikaanza kutembea upande, na wenzangu wakicheza mdako mbele ya macho yangu.

Siku moja akaja bwana mmoja na baiskeli, amevaa tai katika jua lile, kasha la mbao limefungwa nyuma. Alilifungua uani kwetu, majirani wakakusanyika. Zilikuwa dawa za chupa za Kizungu cha zamani: ya damu, ya mishipa, ya ini, na moja inayotibu zote hizo pamoja na upara. Akachagua chupa yenye picha ya mama wa Kizungu, gauni limefungwa vifungo mpaka kidevuni, amepakata mtoto mnono aliyelala.

"Hii, mama," akamwambia mama yangu, "ndiyo iliyolea watoto wa malkia wa Uingereza, yule wa zamani kabisa, mnene. Kijiko kimoja tu. Tumbo linatulia, meno yanaota bila kilio, na wewe mwenyewe unapata usingizi."

Aliposema usingizi, nilimwona mama anameza mate, kama mtu aliyetajiwa nyama.

Nyanya akatoka jikoni, anafuta mikono. "Kunywa," akamwambia yule bwana.

"Mimi, bibi?"

"Nani mwingine aliyeileta?"

"Hii ni ya watoto wachanga, bibi yangu."

"Kwani wewe ulizaliwa na ndevu? Kunywa nione."

Watu wakacheka. Bwana naye akacheka, akanyoosha tai yake. Akasema ana safari ndefu, mpaka Kaloleni, na jua ni kali, na si vizuri mtu kuendesha baiskeli akiwa... Akakatizia hapo.

"Akiwa nini?" nyanya akauliza.

Bwana alikuwa ameshaanza kufunga kasha. Nyanya akamchukua Juma mikononi mwangu, akamweka begani, akasema: "Mtoto huyu hanywi dawa ambayo aliyeileta hajainywa."

Basi mimi nilidhani yameishia pale. Kumbe mama alimfuata yule bwana, mtungi kichwani, kama anakwenda maji. Alimpa nini sijui, maana pesa hatukuwa nayo. Najua tu kwamba leso yake nzuri, ile nyekundu, sikuiona tena. Chupa aliificha ndani ya gunia la unga wa njano, akaniambia, "Nyanya yako asijue."

Dawa ilifanya kazi, siwezi kuisingizia. Kijiko kimoja, na Juma akawa mtoto wa kwenye picha. Mama akaenda foleni bila kilio masikioni. Mimi nikacheza mdako. Kwa siku nne niliipenda chupa ile kuliko nilivyompenda Juma, na nasema hivyo bila kuona haya, nilikuwa na miaka minane na ubavu unauma.

Siku ya tano Juma aliamka mapema, saa nne asubuhi, wakati mimi nashinda mdako kwa mara ya kwanza. Mama hayupo. Nikaingia ndani, nikapekua unga, nikampa vijiko viwili ili anipe nafasi mara mbili. Hesabu yangu ilikuwa hiyo tu.

Nyanya ndiye aliyerudi kwanza. Alimwinua Juma, kichwa kikaanguka nyuma kama cha kuku aliyechinjwa. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Akamwita, hakuitika. Akampuliza usoni, akampitishia mvuje puani, mvuje ambao ungemwamsha mzee wa kaburini, hakupiga hata chafya. Nyanya akaninusa mkono, ukanuka sukari na unga. Akatia mkono kwenye gunia mpaka kwenye kiwiko, akaitoa chupa, akaanza kukimbia kwenda dispensari, Juma kifuani, unga wa njano umemganda mkono mzima. Nilikuwa sijawahi kumwona nyanya akikimbia. Nilimfuata nyuma nikiwa na vijiwe vya mdako bado kiganjani.

Daktari alisoma karatasi ya chupa, akasonya. Alimpiga Juma nyayo, akamfinya masikio, akamwagia maji, akasikiliza kifua, akampiga tena. Alifanya hivyo mpaka alasiri. Mama alifika, akakaa chini kwenye saruji. Halafu Juma akalia. Kilio kilekile tulichokuwa tukikikimbia. Nyanya akamwambia, "Lia, baba. Lia sana. Wasikusikie hapa tu, wakusikie mpaka Kaloleni."

Tulipofika nyumbani alikwenda kuimwaga dawa chooni, na chupa akaivunja. Nikangoja fimbo. Akaniuliza, "Ulionja?" Nikasema sikuonja. "Haya," akasema, na fimbo haikuja. Akamgeukia mama. "Na wewe ingia ndani ukalale. Sitaki kukuona nje mpaka nikuite."

Jua lilikuwa bado juu. Hakumwita siku hiyo, wala iliyofuata mpaka mchana. Alimfunga Juma mgongoni, akaenda foleni ya unga yeye, akaenda maji yeye, na umri ule. Mimi niliona mama amefukuzwa kama mbwa. Nilimhurumia nikamfichia kipande cha ugali wa njano chini ya mto, na sikumsamehe nyanya kwa muda mrefu.

Nimekuja kuelewa huku Arabuni, nikiwa na mgongo wangu mwenyewe unaouma na watoto wa watu mikononi. Juma alikuwa na tumbo tu, tumbo la kukandwa na kungojewa likue. Mgonjwa wa dawa ile alikuwa mama, alikuwa anaumwa uchovu, na katika ua mzima nyanya peke yake ndiye aliyempa alichohitaji. Juma leo ni dereva wa lori, anakoroma mpaka mabati yanatikisika. Na mimi nina wajukuu watano, nimewapokea kwa mikono hii, wamenililia masikioni wote, na hakuna hata mmoja aliyelazwa kwa chupa.

Basi Alhamisi nikamwangalia madam. Si mtu mbaya. Ana watoto watatu na macho mekundu.

"Madam, hii mafi, hapana," nikamwambia. "Sami nipe mimi. Nitakaa naye kiti cha nyuma nimwimbie mpaka Jeddah. Wewe lala."

"Mwanasiti, bosi ni nani hapa?"

"Ni wewe, madam."

"Na ikama yako iko kwa nani?"

"Kwa baba," nikasema. Ni mumewe anayekishika kibali changu cha kukaa.

"Halas. Mpe."

Mkataba wangu unaisha mwezi ujao, na nyumba yangu Mariakani haijaezekwa. Neno moja lake linatosha, usiongezwe. Baba akapiga honi. Sami akaanza kunadi samaki. Nikakijaza kijiko mpaka ukingoni, nikakipeleka kwenye mdomo wake yeye, madam, nikasema: "Mtoto huyu hanywi dawa ambayo aliyeileta hajainywa."