Mtama wa Akinyi Warudi Ziwani

Mke wangu Akinyi alipoolewa kwetu Ntimaru, alikuja na mbegu ya mtama kutoka kwa mama yake, upande wa Homa Bay. Tuliipanda miaka yote ya ndoa yetu. Mwaka uliofuata kifo chake mvua ilikatika mapema, mtama ukakauka kabla ya kutoa masuke. Nilibaki na kibuyu kidogo cha mbegu alizovuna mwenyewe. Kuzipanda niliogopa. Ndipo nikaamua kumwendea mama mkwe.

Asubuhi niliondoka na kibuyu kifuani. Kutoka Migori hadi Rongo mashamba yalikuwa bado na ukijani. Tulipoteremka kuelekea ziwani, udongo ulikuwa mweusi, umepasuka, na mbuzi walitafuna vijiti. Nikajiuliza, huku nimekuja kuomba nini?

Jioni nilifika. Mama aliongea nami kwa Kiswahili, maana Kikuria chetu hakijui, na Kijaluo changu ni cha salamu tu. Kwa heshima ya mkwe sikuingia nyumbani mwake. Niliwekewa kiti nje, kwa shemeji, kaka yake Akinyi.

“Baba Boke, umekonda. Nani anakupikia?”

“Boke.”

“Basi huyo mjukuu wangu hajui kupika.”

Tulicheka, mara ya kwanza tangu mazishi.

Kesho yake alinionyesha shamba. Mtama wake ulikuwa mfupi, majani yamejikunja kutunza maji, lakini ulikuwa umebeba masuke.

“Mama, hii ndiyo ile ulimpa Akinyi?”

“Hiyo hiyo. Suke moja. Nusu nilimpa, nusu nikapanda.”

“Mbona yetu imekufa?”

“Nyinyi mmeilea na mvua. Hii yangu inaona njaa kila mwaka, inazaa watoto wenye wanajua njaa.” Akakitazama kibuyu. “Hizo za Akinyi niachie. Nitapanda hapa kando, zizoee tena.”

“Zikifa?”

“Zingine zitakufa. Zenye zitabaki, utakuja kuchukua.”

 Kwetu mke huzikwa kwa mumewe; mama huyu hakurudishiwa chochote cha binti yake. Nikampa kibuyu. Alimimina mbegu kiganjani, akanusa moshi wa jiko la Akinyi uliokuwa umezishika.

Nilirudi Ntimaru na mbegu zake yeye. Afisa wa kilimo aliniambia huenda mimea hurithisha watoto wake mazoea ya shida, ila wataalamu bado wanachunguza. Mimi nasema nilichoona tu. Nilikuwa nimedhani kutunza mbegu ni kuificha.

Msimu uliofuata shemeji alileta habari. Za Akinyi zilikuwa zimeota. Nyingi zilikauka. Zilizobaki zimekunja majani, kama za mama.